Wiki Saba Delhi na Fomu Niliyoijaza Vibaya

Kwa miaka 13 kazi yangu imekuwa kupima na kuorodhesha nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kabla ya hapo nilikuwa fundi mwashi wa chokaa, na mpaka leo nikiingia katika nyumba ya mtu macho yangu hutangulia ukutani kabla sijamaliza kusalimu. Fomu tuliyokuwa tukiijaza ilikuwa na safu moja iliyoandikwa "Asili ya mtindo", na chini yake visanduku vinne: Kiarabu, Kihindi, Kiswahili, Kizungu. Kila nyumba ilipaswa kupata tiki moja tu. Mlango wenye kizingiti cha juu kilichonyooka niliutia kwa Waarabu, mlango wenye tao na maua mengi niliutia kwa Wahindi, na baraza ya nje niliwaachia Waswahili. Nilikuwa na kasi sana katika kazi hiyo, na niliionea fahari kasi hiyo.

Mwaka 2018 bimkubwa wangu alipata rufaa ya kwenda India kubadilishiwa vali ya moyo. Mimi nikawa msindikizaji wake. Tulipanga chumba katika mtaa wa Nizamuddin, Delhi, tukakaa wiki saba, na kwa kuwa wodini waliruhusu mgeni kwa saa maalumu tu, nilikuwa na nusu ya siku nzima bila kazi. "Mwanangu, usikae hapa ukanihesabia pumzi," aliniambia siku ya tatu. "Nenda katembee, kisha uje unihadithie." Ndivyo nilivyoanza kuwa mtalii wa mchana na msimuliaji wa jioni.

Dakika chache kwa miguu kutoka chumbani kwetu lilikuwapo kaburi la Humayun, mfalme wa pili wa Wamughal, nasaba ya Kiislamu iliyotawala sehemu kubwa ya India, aliyefariki mwaka 1556 baada ya kuteleza kwenye ngazi za maktaba yake. Jengo hilo lilisimamiwa na mkewe, Bega Begum, na likamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1570. Mjenzi mkuu, Mirak Mirza Ghiyas, alitoka Herat, mji ulio katika Afghanistan ya leo. Nilipolipita lango la pili na kuliona kuba jeupe likiwa juu ya mwili wa jiwe jekundu, mkono wangu wa kujaza fomu uliamka wenyewe. Nikatia tiki kichwani: Kiajemi, Kiislamu, limekwisha.

Na kweli sehemu kubwa ya tiki ile ilikuwa na haki yake. Kuba lile ni kuba mbili, moja ndani ya nyingine, ili la nje lipande juu lionekane kwa mbali na la ndani lishuke lisikimeze chumba. Huo ni ufundi uliotoka Asia ya Kati na Uajemi. Bustani inayolizunguka imegawanywa mara nne kwa mifereji ya maji, na kisha kila robo imegawanywa tena. Waajemi huiita chahar bagh, bustani nne. Mtu aliyekulia chuoni akisoma Kurani hawezi kupita pale asiikumbuke mito ya Peponi katika Surat Muhammad: ya maji, ya maziwa, ya mvinyo na ya asali. Babur, baba yake Humayun, alikuwa mtu wa Bonde la Fergana huko Asia ya Kati, na alipoiteka Delhi mwaka 1526 alilalamika kwa maandishi yake mwenyewe kwamba nchi hii haina zabibu nzuri, haina matikiti mazuri, haina barafu wala maji yatiririkayo bustanini. Jambo la kwanza alilolifanya Agra lilikuwa kuchimba visima na kupanda bustani iliyonyooka mistari. Neno letu bustani nalo ni la Kiajemi, ingawa sisi tumelizoea mpaka tunadhani limezaliwa Unguja.

Lakini juu ya paa, pembezoni mwa kuba, kulikuwa na vibanda vidogo vya nguzo nne vilivyofunikwa kwa vijikuba, mfano wa miavuli iliyofunguliwa. Wenyewe huviita chhatri, yaani mwavuli kweli. Sikuwahi kuviona katika picha za Isfahan wala Samarkand. Nilimuuliza binti mmoja wa Pemba aliyekuwa akisoma Delhi, ambaye alikuwa akitusaidia kutafsiri hospitalini. "Hivyo, kaka, ni vya Marajputi, zile koo za kivita za Kihindu," akanijibu. "Wao huvijenga mahali walipochomewa wafalme wao." Basi kichwani mwangu kaburi la Mwislamu likawa limevikwa alama ya ukumbusho wa wafu wa Kihindu, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mimi.

Wiki ya pili nikaanza kwenda kwenye kaburi jingine la jirani, la Abdur Rahim Khan-i-Khanan, jemadari na mshairi wa enzi ya Akbar mwana wa Humayun, ambalo aliliwekea msingi kwa ajili ya mkewe. Lilikuwa likikarabatiwa, na mafundi wa mawe walikuwa wamekaa chini wakichonga vipande vya jiwe jekundu kwa nyundo na tindo. Hapo nilijiona niko nyumbani. Niliomba ruhusa, nikakaa, na kwa muda wa saa mbili sikusema neno. Fundi mzee aliyekuwa karibu nami alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa akichonga ua la yungiyungi lenye petali nane; haanzi na petali, anaanza na duara, kisha analikata duara mara mbili, mara nne, mara nane, na anapofika hapo ua limekwisha kujileta lenyewe. Familia yake, alisema, imechonga mahekalu huko Rajasthan kwa vizazi ambavyo hawezi kuvihesabu.

Nilimwomba binti wa Pemba amuulize kama ua lile ni la Kihindu au la Kiislamu. Mzee aliacha nyundo, akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama maji ya mvua yana dini. Jibu lake, kama nilivyotafsiriwa, lilikuwa hili: "Hili ni ua la jiwe laini. Lingekuwa jiwe gumu, ningechonga jingine." Wenzake wakacheka, nami nikacheka kwa aibu.

Nitatoka kidogo nje ya njia. Mafundi wa lipu pale walikuwa wakichanganya chokaa na vumbi la matofali, kisha wakaitia sukari guru. Niliinusa nikaitambua kabla ya kuambiwa, na jina walilolitamka, gur, ni lile lile tunalolitumia sisi tunapopika uji wa futari. Waliniambia pia kwamba katika ukarabati wa kaburi la Humayun uliokamilika mwaka 2013 waliondoa juu ya paa kilo zaidi ya milioni moja za zege lililomiminwa katika karne ya 20 na watu waliodhani wanasaidia. Nilinyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kupiga lipu ya saruji kwenye ukuta wa matumbawe wa msikiti mmoja nyumbani, na baada ya masika mawili chumvi ikaisukuma yote chini.

Sitaki msomaji adhani kwamba mkutano wa dini hizi mbili ulikuwa wa kupeana maua tu. Kusini mwa Delhi, karibu na mnara wa Qutb, kuna msikiti wa mwishoni mwa karne ya 12, zaidi ya miaka 300 kabla ya Wamughal. Maandishi ya msikiti wenyewe yanatamka kwamba ulijengwa kwa vifaa vya mahekalu 27. Nguzo zake ni nguzo za mahekalu zilizosimamishwa moja juu ya nyingine. Ukizikaribia unaona kengele, minyororo, na viumbe waliofutwa nyuso kwa tindo. Nilisimama mbele ya nguzo moja iliyokuwa na mwanamke aliyebakiwa na kiuno na mkono tu. Mimi ni Mwislamu, na sikupata raha.

Ni katika uwanja huo huo, hata hivyo, ndipo nilipopata somo la kifundi ambalo hakuna kitabu kilichowahi kunieleza kwa wazi namna ile. Mbele ya msikiti kuna ukuta wa matao marefu. Kwa mbali ni matao ya Kiislamu yaliyochongoka, lakini ukiangalia viungo vya mawe unagundua kwamba si matao. Mawe yamelazwa sawasawa kama ya ukuta, kila safu ikisogea mbele kidogo kuliko ile ya chini, mpaka pande mbili zikakutana juu. Tao la kweli halijengwi hivyo: mawe yake hukatwa kama vipande vya keki na kuinamishwa kufuata mviringo, na jiwe la katikati juu ndilo linaloyakaza yote. Mabwana wapya waliagiza umbo, na mafundi wa Kihindu, waliozoea nguzo na boriti ya jiwe, wakalitoa umbo hilo kwa njia waliyoijua wao. Hatua chache kutoka hapo liko lango la Alai Darwaza la mwaka 1311, na matao yake ni ya kweli. Kati ya ukuta ule na lango lile kuna kama miaka 110, na mtu anaweza kuivuka kwa dakika moja huku akitazama namna mikono ya watu ilivyojifunza.

Bimkubwa alipotolewa chumba cha uangalizi na daktari akaridhika na maendeleo yake, nilipata ruhusa ya siku mbili kwenda Agra na Fatehpur Sikri. Nilianza na Sikri, na nafurahi nilianza huko, kwa sababu Taj Mahal humchosha mtu macho yasibaki ya kutazamia kitu kingine.

Akbar, mjukuu wa Babur, alikuwa amefiwa na watoto wake wachanga. Alimwendea Sheikh Salim Chishti, mtu wa tarika aliyeishi kwenye kilima cha Sikri, akamwomba dua. Mwaka 1569 akazaliwa mtoto wa kiume, akapewa jina la sheikh. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa Jahangir. Mwaka 1571 Akbar akaanza kujenga mji mzima juu ya kilima kile, akakaa humo mpaka mwaka 1585. Mji upo, mtupu, mwekundu, na unang'aa kana kwamba mafundi wametoka kwenda kula.

Huko Sikri tao limerudi kuwa mgeni. Majumba ya mfalme yamejengwa kwa nguzo na boriti, kama vile mtu amechukua nyumba ya mbao, fito kwa fito, kiungo kwa kiungo, akaigeuza jiwe. Panch Mahal ina ghorofa tano zinazopungua kwenda juu, na nguzo 176, na haina ukuta. Upepo unapita humo kama katika dungu la shamba. Mapenu mapana ya jiwe yanatoka nje ya kila paa kulinda kuta na mvua ya masika ya India, na hayo hayana dini hata kidogo: Mhindu na Mwislamu wote hulowa. Lakini chumba kilichonishika kuliko vyote ni kile cha Diwan-i-Khas, ukumbi wa faragha wa mfalme. Ndani yake hakuna kitu ila nguzo moja katikati. Inapanda nyembamba, kisha juu inafumuka ghafla kwa mikono 36 ya jiwe iliyojikunja kama mikonga, ikibeba kibaraza cha duara, na kutoka kibaraza hicho madaraja manne yanaelekea kwenye pembe nne za chumba. Mikono ya namna ile ni ufundi wa Gujarat, nchi ambayo Akbar aliiteka mwaka 1573. Nilizunguka ile nguzo mara tatu. Mlinzi alidhani nimepoteza kitu.

Waongoza watalii wa hapo hupenda kusema kwamba Akbar alichanganya mitindo kwa sababu alizipenda dini zote. Ni kweli kwamba mwaka 1575 alianzisha Ibadat Khana, nyumba ya mijadala, kwanza kwa wanazuoni wa Kiislamu peke yao, na waliposhindwa kuvumiliana akawafungulia mlango Wahindu, Wajaini, Wazoroasta, na mwaka 1580 makasisi wa Kijesuiti kutoka Goa. Lakini kwa jicho langu la uashi, upendo hautoshi kuieleza nguzo ile. Mfalme anayeteka Gujarat huteka pia mafundi wa Gujarat, na fundi hujenga anachokijua. Alikuwa pia na wake wa Kirajputi na mawaziri wa Kihindu, na alihitaji kila mmoja aone kitu chake katika nyumba ya mfalme. Hilo halipunguzi uzuri wake, na pengine linafanya jengo liaminike zaidi.

Ndani ya ua wa msikiti mkubwa wa Sikri liko kaburi la sheikh, la marumaru nyeupe, lenye kuta za jiwe lililotobolewa kwa nakshi laini kiasi kwamba kwa mbali nilidhani ni kitambaa. Wanawake wa Kihindu na wa Kiislamu walikuwa wamepanga mstari mmoja wakifunga nyuzi nyekundu kwenye matundu hayo, kila mmoja na haja yake. Nimelelewa na watu ambao hawapendi mambo ya kuomba makaburini, nami sikufunga uzi. Ila bimkubwa nilipomhadithia aliniuliza kwa hasira kidogo kwa nini sikumfungia yeye. Kwenye lango la msikiti huo, Buland Darwaza, lenye kimo cha mita zipatazo 54 ukipima kutoka chini ya ngazi, Akbar aliandikisha maneno kwa Kiajemi yanayonasibishwa na Nabii Isa: dunia ni daraja, piteni juu yake lakini msijenge nyumba juu yake. Nilicheka peke yangu. Kuandika hivyo juu ya lango kubwa kama lile kunahitaji moyo wa mfalme.

Kuhusu Taj Mahal nitasema machache, kwa kuwa mengi yameshasemwa. Mumtaz Mahal, mke wa mfalme Shah Jahan, mjukuu wa Akbar, alifariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wa 14, na mwaka uliofuata Shah Jahan akaanza kumjengea kaburi hili. Dereva aliyenipeleka alishikilia njia nzima kwamba jengo lile zamani lilikuwa hekalu la Shiva. Habari hiyo imefika mpaka mahakamani, na mwaka 2017 Idara ya Akiolojia ya India ilieleza mbele ya mahakama ya Agra kwamba ni kaburi. Sikubishana naye. Nilipofika kwenye lango kuu nilisoma kwa sauti ndogo mwisho wa Surat al-Fajr, ile aya inayoiita nafsi iliyotulia iingie Peponi, iliyoandikwa kwa njumu ya jiwe jeusi na mkono wa Amanat Khan, aliyekuwa mtu wa Shiraz huko Uajemi. Herufi zinakua kadiri zinavyopanda ili mtu wa chini azione zote sawa. Niliinua kalamu mbele ya jicho kuzipima, na kwa kipimo hicho herufi za juu na za chini zililingana.

Kisha nikafanya kitu ambacho wageni wengi hawakifanyi. Upande wa mashariki wa kaburi, kwenye sakafu mbele ya jengo linaloukabili msikiti, mafundi wamechora umbo kamili la ule mkuki uliosimama juu ya kuba. Nililifuata kwa miguu nikahesabu hatua 12. Juu kabisa ni mwezi mwandamo. Chini yake kuna chombo kama chungu cha maji chenye majani yaliyochomoza na kitu cha duara juu yake, na Mhindi yeyote atakwambia kuwa hiyo ni kalash, chungu chenye majani ya mwembe na nazi kinachowekwa mlangoni siku ya harusi na juu ya kilele cha hekalu. Na pale mkuki unapokutana na kuba, marumaru imechongwa petali za yungiyungi lililopinduliwa. Nilikuwa nimeitazama picha ya kuba lile maisha yangu yote, kwenye kalenda na kwenye mabati ya biskuti, na sikuwahi kuziona petali zile.

Katika ngome ya Agra, kwenye ukingo ule ule wa mto Yamuna, kuna vibanda viwili kando ya baraza la marumaru la Shah Jahan vyenye paa la dhahabu lililopinda kama mgongo wa ng'ombe. Paa hilo ni nakala ya kibanda cha mianzi na nyasi cha wakulima wa Bengal, kilichopinda hivyo ili maji ya mvua yashuke haraka. Mfalme aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa zama zake alikitaka kibanda cha mkulima juu ya kichwa chake. Neno bangaloo tunalolitumia sisi limetoka kwenye nyumba hizo hizo za Bengal, na tangu siku ile kila nikiona paa la makuti lililopigwa vizuri hujiuliza nani atalifanya la dhahabu.

Tulirudi Unguja mwezi wa Novemba, bimkubwa akiwa mzima. Wiki ya kwanza kazini nilikwenda kwenye nyumba moja ambayo nilikuwa nimeiandika miaka mingi nyuma kuwa ya Kiarabu. Kizingiti cha juu kimenyooka, na kina aya ya Kurani na mwaka wa hijria. Safari hii nilipiga magoti nikasugua vumbi chini ya miimo. Kulikuwa na yungiyungi la petali nane pande zote mbili, limeanzwa na duara. Mbao ni msaji ulioletwa kwa jahazi kutoka India, na mwenye nyumba, mzee wa Kihadhrami, aliniambia kwamba babu yake alimlipa fundi wa Kikachi, yaani mtu wa Kutch huko India, na Mswahili wa Malindi ndiye aliyemaliza mlango baada ya yule fundi kuugua.

Nilirudi ofisini na fomu ikiwa na tiki tatu katika safu ya asili. Kijana anayeziingiza kwenye kompyuta alinifuata mezani kabla ya adhuhuri. "Shikamoo mzee," akasema, "mashine inakubali moja tu. Nichague ipi?" Nilimwomba aiache kwanza mezani kwangu. Mpaka naandika haya zimefika fomu 46 kwenye rundo hilo, na kila wiki naongeza nyingine.